Begi la Zanzibar na kovu tulilolificha kwa sweta

Kwetu Njombe mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima bila mtu kuuona mkono wake. Asubuhi sweta, jioni sweta, na ikifika Juni na Julai ni sweta juu ya sweta. Ndivyo binti yangu mkubwa alivyokua. Alipokuwa na miaka mitatu, sufuria ya uji wa moto ilimmwagikia mkono wa kushoto, kuanzia begani hadi karibu na kiwiko. Sasa ana miaka 13, na kovu limekua pamoja naye.

Desemba iliyopita tuliamua kwenda Zanzibar. Baba yao alikuwa ameuza maparachichi vizuri, na mimi nilikuwa nimedunduliza vya kwangu kwa miaka miwili. Mzazi mwenzangu, nikueleze ukweli: kabla sijawaza bahari, niliwaza nguo. Sikutaka tufike kule tuonekane watu walioshushwa kutoka kwenye baridi. Nilikwenda kwa fundi, nikashona sare za kitenge kwa familia nzima. Nikanunua gauni la satini, viatu vya kisigino na suruali mbili za jinzi. Wiki moja kabla ya safari kitanda chetu kilikuwa kimejaa hadi baba yao akalala ukingoni.

Wifi yangu anaishi Unguja. Nilimtumia picha ya kile kitanda akanipigia simu huku anacheka.

"Wifi, unakuja kutembea au unakuja kufungua duka?"

Alinielekeza vizuri, nami nakupa kama alivyonipa. Desemba ni msimu wa kaskazi, joto ni kali na hewa ina unyevu, hivyo satini itakugandia mwilini na jinzi ikilowa haikauki upesi. Chukua nguo za pamba, pana, zenye rangi nyepesi. Dera moja au mawili yanatosha kwa mama. Khanga pea moja ni lazima, maana utajifunika, utaikalia ufukweni, utajifutia maji, na jioni utajitanda. Visigino viache nyumbani, kwa sababu vichochoro vya Mji Mkongwe vinataka ndala au sandozi imara. Ukiwa mjini funika mabega na magoti, kwa heshima ya wenyeji. Ukifika ufukweni wanakoogelea wageni, vaa nguo yako ya kuogelea. Na kila mtu awe na kofia.

Nikapunguza nusu ya mzigo. Nilijiona nimekuwa mjanja wa safari.

Jioni ile nikapanga mafungu ya watoto. La mdogo, mwenye miaka minane: kaptula, vigauni, fulana zisizo na mikono. La mkubwa: blauzi tano. Nilikuwa nazikunja alipoingia, akasimama mlangoni akitazama.

"Mama, si umesema kule kuna joto?"

"Joto kali."

"Mbona za kwangu zote zina mikono mirefu?"

Nikamjibu haraka kwamba Zanzibar watu wanajisitiri. Halikuwa jibu la uongo, lakini halikuwa jibu lake. Akatazama fungu la mdogo wake, akarudi kulitazama la kwake.

"Mama, unauonea aibu mkono wangu?"

Nilisema hapana kabla hajamaliza kuuliza. Kisha nikakaa kitandani juu ya nguo nilizokwisha kukunja, kwa sababu miguu iliisha nguvu. Zile blauzi tano nilizichagua mimi, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja niliyoichagua kwa ajili ya jua.

Kuna jambo sikuwahi kumwambia. Kwa miaka kumi, kila aliyeuliza kuhusu kovu lile nilimjibu hivyohivyo: "Alikuwa mtundu huyu, alivuta sufuria." Nilisema mbele ya majirani, mbele ya walimu, mbele yake. Ukweli ni kwamba siku ile niliona wingu la mvua, nikatoka kuanua nguo, nikamwacha peke yake na sufuria iliyokuwa ukingoni mwa meza. Niliiweka mimi pale.

Nikamwambia hivyo. Alinyamaza muda mrefu, akiuzungusha mkono wa blauzi kwenye kidole.

"Mimi nilijua ni utundu wangu," akasema.

Nikamwomba msamaha. Hakunikumbatia kama kwenye filamu. Alichofanya ni kulivuta begi na kumwaga vyote chini. Akarudisha blauzi moja ya pamba, gauni refu la kutembelea mjini, fulana mbili zisizo na mikono na khanga. Nikamwomba aongeze shati jeupe la mikono mipana, kwa kuwa ngozi ya kovu huungua upesi kwenye jua. Akanitazama usoni kupima kama ni kweli safari hii. Akaliweka.

"Nitakachovaa nitaamua kulekule," akasema. Nikakubali.

Tulipofika Mikumi kila mtu kwenye basi alikuwa amevua sweta isipokuwa yeye. Alilivua Dar es Salaam, usiku. Kwenye boti, kama saa mbili hivi za kuvuka, alivaa blauzi. Siku mbili Unguja, blauzi. Sikusema neno, na kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kupanga begi.

Siku ya tatu tulikuwa Nungwi. Alitoka chumbani na fulana isiyo na mikono, khanga kiunoni, akapita mbele yangu bila kunitazama. Pale ufukweni mtoto mmoja wa kike, pengine wa miaka sita, akamshika mkono.

"Umefanyaje hapa?"

"Uji ulinimwagikia nikiwa mdogo."

"Pole. Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Njoo nikufundishe."

Wakaenda. Zile sare za kitenge tulizivaa mara moja tu, zikatulowanisha jasho. Picha ninayoipenda ni ya watoto wamelowa, nywele zimesimama, mkono wa kushoto unaonekana wote.

Tumerudi Njombe na sweta limerudi, kwa sababu baridi ni baridi. Ila siku hizi akiosha vyombo anakunja mikono hadi juu, hata wageni wakiwepo. Na akiulizwa, anajibu mwenyewe.

Mzazi mwenzangu, ukipanga begi la likizo, mpe mtoto aliyefika umri huo apange la kwake, wewe ukague tu. Ukiona mkono wako unachagua nguo ya kumfunika kitu fulani, simama kwanza ujiulize unamfichia nani.