Mlale

Ziwa Bunyonyi liko kusini-magharibi mwa Uganda, kilomita chache kutoka mji wa Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jina lake katika Rukiga lahusu wingi wa ndege wadogo, nasi tungeweza kulitumia kufundisha kiambishi bu- kwa somo zima. Hapa twalitaja kwa sababu nyingine. Mwaka juzi tulipiga kambi huko, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, pamoja na watoto wetu, mama yetu mzazi, na familia ya rafiki yetu mzaliwa wa Goma.

Mahema tuliyapiga kisiwani, chini ya mikaratusi. Ziwa hilo halina viboko wala mamba, kwa hiyo watoto walishinda majini. Watu wazima tulishindana na mtumbwi wa gogo, ambao ukishikwa na mgeni huzunguka kama pia. Jua lilipotua, baridi ilitukusanya sote motoni, na hapo suala la lugha likajitokeza. Mama huzungumza Rukiga. Watoto wetu hupenda Kiingereza. Wageni walikuwa na Kifaransa na Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, isipokuwa mama, aliyejifunika blanketi na kunyamaza.

Wasomaji wa Uganda hawahitaji maelezo marefu. Serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wazee wengi wanakikumbuka kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Wakati huo mama alikuwa msichana apandaye basi kwenda sokoni. Rafiki yetu alipomwuliza, kwa kupitia kwetu, kama hajui Kiswahili kabisa, alijibu kwamba anakijua, akakitaja chote: "Simama. Shuka. Toa. Leta. Lala chini. Nyamaza."

Vitenzi sita. Vyote viko katika hali ya amri, havina kiambishi cha nafsi, na vyote ni vya umoja. Abiria wa basi zima waliamrishwa kushuka, na askari hakujisumbua hata kuongeza -eni.

Hakuna aliyejua la kusema. Binti wa rafiki yetu, mwenye umri wa miaka minane, ambaye hakuwa akisikiliza, alimjia mama na kikombe cha chai, akasema: "Mama, ukaribie moto, usisikie baridi." Mama alitugeukia akauliza kwa Rukiga ile "u" ya mwanzo yafanya kazi gani. Tumefundisha hali tegemezi kwa miaka mingi, wala hatujapata kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Tulimjibu kwamba "u" ni wewe: mtoto amekutaja kwanza, ndipo akakuomba. Tukamkumbusha kwamba hata yeye, kila usiku, huwaaga wajukuu kwa kusema "Oraare gye." Kiambishi o- ndicho hicho u-, kitenzi ni kile kile, kiishio -e ni kile kile. Kwa Kiswahili, "Ulale vyema." Alilirudia neno hilo kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akanywa chai yake.

Vitabu vingi vya sarufi hutanguliza amri kwa kuwa umbo lake ni fupi: simama, kaa, fungua kitabu. Ufupi ni hoja dhaifu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilielekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, wanachuo wetu watakwenda vijijini, na mtoto atakayerudi nyumbani akimwambia bibi yake "Simama!" atakuwa amemletea habari ya zamani. Kwa maoni yetu, "ukae" ifundishwe siku ile ile ifundishwapo "kaa".

Jumamosi, tukimenya viazi, mama aliuliza watu wengi huambiwaje. Tulimwambia, naye hakusema zaidi. Usiku huo, kabla ya kuinama kuingia hemani, aligeuka akatutazama sote tuliobaki motoni, wa Kabale na wa Goma, akatamka polepole: "Mlale."

Binti yule ndiye aliyeitikia wa kwanza. Alfajiri mvua ilinyesha, tukafungasha kwa haraka, na mahema yakavushwa ziwani yangali yamelowa.