Mwalimu wa Nyuma ya Pazia

Wengi wetu huingia katika ualimu tukiwa na sura moja tu ya mwalimu: mtu aliyesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, sauti yake imejaa chumba. Nami niliingia na sura hiyo, ikanitesa kwa muda mrefu. Sauti yangu ni ndogo, na darasa la watoto zaidi ya themanini hudai sauti kubwa. Nilipofika Nkoma mwaka 2013, Mkoa wa Simiyu ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kata yetu ilikuwa imetoka Wilaya ya Bariadi na kuingia katika wilaya mpya ya Itilima. Kila kitu kilikuwa kikianza. Mimi nilikuwa nikiwaza kuacha kazi.

Kilichonizuia ni ngoma. Aliyeishi Usukumani anayajua mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo hupambana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Mgeni huwaona wachezaji tu. Lakini nilipozoeana na kundi moja la kijijini niliiona kazi iliyotangulia: ngoma kuwambwa upya, njuga kuhesabiwa, nyimbo kutungwa na kurudiwa usiku baada ya usiku, wageni kutafutiwa chakula na mahali pa kulala. Palikuwa na mzee mmoja ambaye hakucheza hata mara moja, na ndiye aliyeulizwa kila jambo. Hapo nikatambua kwamba kuna uongozi usiohitaji sauti kubwa, na kwamba huenda wito wangu ulikuwa upande ule.

Basi nikamwomba mwalimu mkuu anikabidhi maonyesho ya mahafali ya darasa la saba. Tulitunga mchezo mfupi kuhusu mkulima wa pamba na mizani ya mnunuzi, jambo linalomgusa kila mzazi wa hapa. Pazia lilikuwa magunia yaliyoshonwa pamoja. Nyumba ilijengwa kwa mabua ya mtama. Maleba yalikuwa kanga na makoti yaliyoazimwa vijijini, nayo yalipaswa kurudi kwa wenyewe yakiwa safi.

Katika darasa la tano alikuwamo mvulana ambaye hakuwa akijibu swali lolote. Nyumbani alichunga ng'ombe, na aliweza kutambua kwa kutupa jicho moja kwamba ndama amepungua. Nilimpa daftari la vifaa. Alichora safu nne: jina la kifaa, idadi, mwenye nacho, siku ya kurudisha. Mwanzoni aliandika kwa taabu, akiwauliza wenzake herufi. Lakini daftari lilikuwa lake, na makosa ndani yake yangemletea lawama za kijiji kizima. Baada ya wiki sita alikuwa akisoma orodha yote kwa sauti mbele ya kundi. Siku ya maonyesho ilipotajwa kwamba njuga moja haionekani, alijibu kabla sijafungua kinywa: ipo kwa fulani, chini ya benchi. Ilikuwapo.

Tangu hapo nimeifanya kazi hii kuwa njia ya kufundishia, wala si nyongeza ya sikukuu. Mtoto anayepima ubao wa jukwaa anajifunza hesabu. Anayeandika barua ya kuazima viti anajifunza Kiswahili cha heshima. Anayepanga nani aingie lini anajifunza mfuatano, ambao ndio msingi wa insha. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi za shule na kuamua, wasiwe watu wa kuamrishwa tu. Jukwaa dogo la shule ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwa atakayependa kujaribu, nashauri mambo matatu. Kwanza, kila mtoto awe na kazi yenye jina: mtunza vifaa, mkumbushaji wa maneno, mshona maleba, mpanga viti. Kazi isiyo na jina haina mwenyewe. Pili, badilisha zamu kila mchezo, ili waigizaji waonje kazi ya gizani na wanyamavu waonje mwanga wakitaka. Tatu, katika andalio lako la somo andika kila kazi inafundisha nini. Usipoandika, wakaguzi wataona mchezo tu, na pengine wewe pia.

Shukrani katika kazi hii ni chache. Wazazi huwapigia makofi waigizaji, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kipimo cha mwandaaji ni kingine: siku yenyewe inapofika, aweze kusimama nyuma ya magunia, mikono mitupu, asiitwe na mtu. Mimi darasani bado sauti yangu ni ndogo. Lakini sasa kila kipindi nakiandaa kama onyesho, zana zimepangwa na zamu zimegawanywa kabla kengele haijalia, na sehemu kubwa ya sauti inayosikika ni ya watoto.