Mbuzi Huyu ni Perfect?

Muhula huu neno 'perfect' halibanduki midomoni mwetu bwenini. Chai ni perfect, insha ni perfect, hata viatu vilivyotoboka soli, vikipigwa rangi, basi ni perfect!

Asili ya neno hili ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitu kilichofanywa kikaisha. Ndiyo maana Waingereza wameliweka hata kwenye sarufi yao, pale sisi tunaposema 'hali timilifu': amefika, amekula. Ni kutimia tu, si kung'aa.

Lakini hapa kwetu Isiolo, somo la kutokuwa na ila liko soko la mifugo. Idd-ul-Hajj ikikaribia, mnunuzi haulizi rangi. Anamfunua mbuzi midomo atazame meno, anampapasa mgongo, anamtembeza. Sheria ya kuchinja inawakataa wanne: aliye chongo wazi, mgonjwa wazi, kiguru wazi, na aliyekonda hata hana uboho. Liangalie hilo neno 'wazi'. Mkwaruzo mdogo haumharibu mnyama. Wakiridhika wanasema, "Huyu mzima." Si ndilo neno tunalosalimiana nalo kila asubuhi? Na anayejibu "Mzima" hana maana kwamba hana hata chunusi.

Likizo iliyopita mama alimpeleka sokoni beberu wetu ili nipate karo. Mnene, mwendo wa askari, ila jicho la kushoto lilichomwa na mwiba akiwa mdogo, likawa jeupe. Dalali akamshika upande wa kulia akapaza sauti: "Huyu ni perfect, mzee! Perfect kabisa!"

Mzee mmoja wa Kiborana alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Mama hakungoja.

"Mzee, ni wa Idd?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tazama huku. Jicho hili halioni."

Dalali alimkata mama jicho, lo! Mzee akashukuru, akaenda zake kwa mbuzi wengine.

Jua lilipokuwa utosini ndipo akaja mwenye hoteli. Yeye alitaka nyama tu, akalipa bei ya nyama. Karo yangu haijatimia hadi leo. Beberu akaondoka akivutwa kamba, shingo kaipinda, akiitafuta njia kwa lile jicho zima.