Makoa kwenye sukuma ya mama

Kimya changu kimekuwa kirefu, mniwie radhi. Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya programu na hifadhidata, lakini leo nataka tuzungumze kuhusu wadudu wa aina nyingine. Mwalimu wa biolojia atanikosoa kwamba koa si mdudu, ni ndugu yake konokono asiye na nyumba. Ni kweli. Lakini kwa mama yangu, chochote kinachotambaa na kula sukuma wiki ni mdudu, basi.

Mwaka 2020, ofisi zilipofungwa kwa sababu ya korona, nilibeba kipakatalishi changu nikarudi kwa mama, Limuru. Mvua za masika mwaka huo zilikuwa nyingi ajabu. Kila asubuhi tulikuta majani ya sukuma na spinachi yametobolewa, miche michanga imekatwa kabisa, na juu ya udongo kuna utelezi uliokauka unaong'aa kama gundi. Mboga hizo mama humuuzia mwenye kibanda pale barabarani. Kila mche ulioliwa ulikuwa shilingi zake.

Nikajifanya mtaalamu. Nilienda duka la pembejeo, nikaomba dawa ya konokono, nikauziwa chembe ndogo za buluu. Sumu iliyomo huitwa metaldehaidi. Nilizimwaga kila mahali, tena kwa mafungu, kwa sababu nilidhani nyingi ndiyo nzuri. Maagizo sikuyasoma hadi mwisho. Kesho yake nilikuta makoa kadhaa wamekufa, nikajisifu mbele ya mama.

Siku ya tatu Simba, mbwa aliyemlinda mama usiku tangu baba atutoke, alianza kutetemeka na kutokwa na mate. Mwili wake ulikuwa moto kama jiko. Daktari wa mifugo alifika, akaniuliza tumeweka nini shambani, akatikisa kichwa. Alisema sumu hiyo haina dawa ya kuivunja. Kinachowezekana ni kutuliza mitetemeko na kuupoza mwili. Alijaribu. Jioni Simba akafa.

Chembe zile hutengenezwa kwa nafaka ili kuwavuta makoa, na mbwa nao huzipenda. Onyo lilikuwa limeandikwa kwenye pakiti. Mama hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniuliza kwanza."

Neno hilo lilinichoma kuliko matusi. Vijana ninaowafundisha kazi huwaambia kila siku: usiguse msimbo kabla ya kutazama programu inafanya nini. Mimi nilikuwa nimerekebisha kitu ambacho hata sikukitazama. Basi nikachukua kurunzi, na kwa wiki mbili nikawa naingia shambani saa tatu usiku.

Nilichokiona kwanza kilinitia aibu. Mchana makoa walilala chini ya mbao na vipande vya mabati nilivyopanga mimi mwenyewe kando ya matuta ili nisikanyage matope. Humo ndimo walimotaga mayai yao, meupe kama lulu ndogo. Nilikuwa nimewajengea nyumba.

La pili, hatukuwa peke yetu katika vita hivyo. Chini ya tangi la maji alikaa chura mnene, na usiku alitoka kuwinda. Palikuwa na mbawakawa weusi wakikimbia ardhini. Palikuwa na viluwiluwi vya kimulimuli, virefu na bapa, vyenye taa hafifu mkiani. Hivyo huuma koa au konokono, humlegeza kwa sumu yao, kisha humla. Alfajiri walifika hadada, wale ndege wenye kelele na midomo mirefu, wakidukua udongo laini kama mafundi.

Na palikuwa na nyoka. Mwembamba, wa kahawia, hakufikia urefu wa mkono wangu. Wa kwanza tulimuua kwa jembe kabla hata ya kufikiri. Nilimpiga picha kwa rununu, nikatafuta usiku kucha, nikajua ni yule anayeitwa Duberria kwa jina la kisayansi. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Akitishwa hujikunja tu kama msokoto wa tumbaku. Na chakula chake ni makoa na konokono. Tulikuwa tumemuua mfanyakazi wetu mwenyewe. Sisemi mshike nyoka msiowajua; nasema mkimwona, mwacheni apite.

Tuliondoa mbao zote, tukabakiza moja tu kama mtego. Kila asubuhi mama huiinua, huwakusanya makoa na kuwapelekea bata wa jirani, ambao huwashangilia. Kando ya ua tuliacha ukanda wa nyasi bila kukata, na karibu na tangi tukaweka beseni fupi la maji kwa ajili ya chura. Kiangazi, mama humwagilia asubuhi badala ya jioni, ili usiku udongo uwe mkavu juu.

Makoa hawakuisha. Hilo lazima niliseme. Lakini msimu uliofuata miche mingi iliokoka, na mama hakulazimika kupanda mara mbili. Isitoshe, wakiisha kabisa, chura na nyoka watakula nini? Wataondoka, na siku makoa wakirudi hatutakuwa na mlinzi.

Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya metaldehaidi nje ya nyumba mwaka 2022, kwa sababu ya madhara kwa ndege na wanyama kama kalunguyeye. Sisi pia tunaye kalunguyeye, na makoa ni sehemu ya mlo wake. Kama lazima utumie dawa, zipo za fosfeti ya chuma ambazo hatari yake ni ndogo zaidi. Lakini soma pakiti. Soma yote.

Mama sasa ana mbwa mwingine. Kila nikifika nyumbani na kifurushi chochote kutoka dukani, hunisimamisha mlangoni: "Hiyo ni nini, na umeisoma?"

Tuonane tena, panapo majaliwa.