Kilio Kinachoimbwa



Mmetuuliza mara nyingi kama ni halali kwa mwanakwaya kusikiliza nyimbo za dunia. Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa fupi: anayemwimbia Mungu asiichafue sauti yake kwingine. Leo tunaomba ruhusa ya kujibu polepole zaidi, kwa maana albamu moja ya watu wa mbali imetufunulia kosa letu wenyewe.

Kundi lililoiimba linaitwa Elbow, nalo lilizaliwa Bury, mji ulio karibu na Manchester, kaskazini mwa Uingereza. Walianza kupiga muziki pamoja mwaka 1990, wakiwa vijana kama ninyi, na albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2001. Hesabuni miaka hiyo, ninyi mnaokata tamaa baada ya mazoezi matatu! Mwaka 2008 walipata Mercury Prize, tuzo kubwa ya muziki nchini mwao. Mwaka 2016 mpiga ngoma wao aliondoka, nao wanne waliosalia wakaendelea. Mwaka 2019 wakatoa albamu yao ya nane, Giants of All Sizes, maana yake majitu ya kila kimo.

Wakati huo walikuwa watu wazima. Guy Garvey, mwimbaji wao na mtunzi wa maneno, alikuwa amepita umri wa miaka 40. Katika muda wa miaka michache tu alikuwa amepata mtoto wa kiume na kumpoteza baba yake mzazi. Nchi yake nayo ilikuwa katika huzuni na mafarakano. Tarehe 14 Juni 2017 moto uliteketeza jengo la ghorofa la Grenfell, jijini London, wakafa watu 72. Wakazi wa jengo hilo walikuwa wamekwisha kutoa maonyo juu ya usalama wao, wasisikilizwe. Wimbo mmoja katika albamu hiyo umejaa hasira ya msiba huo. Ni hasira ya mtu aliyekuwa akiwaamini wenye mamlaka, kisha asiweze tena. Sisi wa nchi hii hatuhitaji kufafanuliwa hasira ya namna hiyo.

Albamu hii tuliletewa na mpiga gita wa kwaya yetu, ikiwa ndani ya simu yake. Kijana huyo alikuwa amefiwa na baba yake. Siku za matanga tulimkuta ameketi pembeni, machozi yakimtoka, nasi tukamwambia maneno ambayo wengi wetu huyasema: wewe ndiwe kifungua mimba, usilie mbele ya wadogo zako, haya ni mapenzi ya Mungu. Alifuta machozi mara moja. Tuliona fahari, tukidhani tumemtia nguvu. Tangu siku hiyo hakuonekana tena kwenye mazoezi, na gita lake likakaa kimya miezi mingi.

Alipotujia hatimaye, hakusema neno juu ya kwaya. Alisema tu, «Papa katekista, naomba tusikilize pamoja.» Akawa anatueleza maana ya maneno, maana Kiingereza chetu ni kidogo. Wimbo wa kwanza ulitushtua. Ndani yake mwimbaji anakiri kwamba Yesu, aliyemfahamu zamani, amekuwa mgeni kwake. Tulinyoosha mkono ili tuizime simu. Kijana akatuzuia kwa upole, akasema, «Hilo ndilo nililotaka kulisema pale matangani. Sikuwa na mtu wa kumwambia.»

Mkono wetu ulibaki hewani. Sisi tuliosomea ualimu, na tunaowafundisha wengine namna ya kumsikiliza mtoto darasani, hatukuwa tumemsikiliza mtoto huyu hata dakika moja. Tulimpa jibu kabla hajauliza.

Usiku ule tulifungua Zaburi ya 88. Ni sala ya mtu anayemlilia Mungu mchana na usiku asione msaada, nayo yamalizika gizani, bila neno la shukrani wala la faraja. Hata hivyo Mama Kanisa hakuificha. Ameiweka katika sala ya usiku ya kila Ijumaa, ili mapadre, watawa na walei waisali kabla ya kulala. Na Bwana wetu mwenyewe, aliyejua kwamba Lazaro angefufuka baada ya muda mfupi, alilia kwanza. Kama machozi yangekuwa upungufu wa imani, asingelia Yeye.

Hatusemi kwamba nyimbo za Elbow ni zaburi. Ipo tofauti kubwa: mtunzi wa zaburi analalamika huku amemwelekea Mungu, lakini mwimbaji huyu anatusimulia sisi. Wala albamu yake haimalizikii kanisani. Wimbo wa mwisho unawaleta pamoja baba anayekwenda na mtoto mchanga anayekuja, naye mwimbaji amesimama katikati, ni mwana wa mmoja na baba wa mwingine. Hadai kwamba ameelewa. Anashukuru kwa upendo alioupokea na anaupitisha kwa mwanawe. Sisi tunaamini kwamba upendo huo una chemchemi, na chemchemi hiyo tunaijua jina. Lakini tusimlazimishe mtu kulitaja jina hilo wakati koo lake limezibwa na kilio.

Basi, jibu letu kwa swali lenu ndilo hili. Wimbo wa dunia upimwe kwa ukweli wake na kwa kile unachokiacha moyoni. Upo unaomfanya mwanadamu kuwa kitu cha kuchezewa; huo uacheni. Upo pia unaosema ukweli juu ya maumivu, na huo waweza kuwa mlango ambao mwenzenu ataupitia ili aseme nanyi. Msikilizeni kwanza, mafundisho yatapata nafasi yake baadaye.

Na katika matanga yajayo ya shirika letu, tunawaomba jambo moja. Ketini karibu na mfiwa. Akilia, msimnyamazishe. Akiuliza Mungu yuko wapi, msikimbilie kumjibu. Bakini naye, kisha mmwombee kimoyomoyo.

Mpiga gita wetu amerudi. Zipo Dominika anazopiga gita bila kuimba. Hatumwulizi sababu, na kiti chake twakiweka mahali pake pale pale.