Fayawoli, bando na ndoo ya jamaa



Najua nimepotea. Testi, foleni ya maji, halafu hii ripoti ya mafunzo kwa vitendo iliyonila wiki 2 nzima. Leo siandiki habari za bumu wala za wali wa kantini. Naandika kwa sababu nimemkosea mtu, na mwanzo wake ni kijiprogramu kwenye laptopu yangu. Ngoja nianze na programu, hiyo ndiyo rahisi kueleza.

Mnajua mimi na bando. Windows ina fayawoli yake tangu zamani. Kwenye XP ilianza kuwashwa yenyewe Agosti 2004, mwaka mmoja baada ya yule mdudu wa Blaster kuhangaisha kompyuta za watu dunia nzima. Kazi yake kubwa ni kuwazuia wanaogonga kutoka nje. Wanaotoka ndani haina shida nao, kwa mpangilio wa kawaida inawaacha wapite. Sasa kwa mtu wa bando la kuungaunga, adui ni hawa wanaotoka: programu inajisasisha usiku umelala, asubuhi unaamka salio limekwisha. Ndiyo maana mwaka jana nikaweka fayawoli nyingine, ya bure. Kila programu ikitaka kwenda mtandaoni kwa mara ya kwanza, inakuja na kidirisha kuuliza: iruhusiwe au izuiwe? Nikawa kama mlinzi wa geti. Wewe pita, wewe rudi. Bando likaanza kufika Ijumaa, nikajiona mjanja kuliko wote bloku zima.

Basi bwana, Jumatatu saa 3 usiku nafungua Firefox nipandishe ripoti. Mwisho wa kupokea ni saa 6. Ukurasa unagoma: imeshindwa kuunganisha. Nikajaribu tovuti nyingine, hola. Nikafungua Edge ambayo sijawahi kuitumia tangu ninunue mashine, nayo hola. Lakini simu niliyoitumia kurushia intaneti ilikuwa inafungua kila kitu, na WhatsApp ya kwenye laptopu ileile ilikuwa inaingiza meseji za kundi la darasa, watu wanapongezana kwamba wameshatuma.

Hapo mtu mwenye akili timamu angetulia. Mtandao upo, laptopu inaupata, ila brauza tu ndizo zimekufa. Mimi nikafanya kila kitu isipokuwa kufikiri. Nikazima na kuwasha mara 3. Nikafuta historia yote ya brauza. Nikazima fayawoli ya Windows, isisaidie kitu, maana si yeye aliyekuwa amefunga mlango. Nikashusha Firefox upya kwa simu, nikaihamisha kwa waya, nikaisimika tena. Bado. Na bando ndiyo hilo linayeyuka.

Halafu nikamgeukia jamaa.

Kwa mlio nje ya chuo: hapa vitanda ni vichache, aliyepata chumba humbeba aliyekosa. Mimi nimembeba jamaa mmoja tangu muhula wa kwanza. Godoro lake linalala chini usiku, mchana linaegemea ukuta. Mtu mpole, anaosha hadi vyombo vyangu. Jumapili jioni aliniomba laptopu asome mitihani ya miaka iliyopita, akakaa nayo kama saa moja, kisha akaizima vizuri na kuirudisha mezani. Kwa hiyo wa mwisho kuigusa ni yeye.

"Jana ulifanya nini kwenye laptopu yangu?"

"Nilisoma tu, kaka. Nikaizima."

"Ulibonyeza nini?"

"Sikubonyeza kitu."

Nami nikasema, kwa sauti ambayo wa chumba cha pili waliisikia: "Hii ndiyo shida ya kubeba watu."

Hakujibu. Alikunja shuka lake, akachukua begi na madaftari, akatoka. Nikajiambia potelea mbali, nina ripoti. Nikaihamishia kwenye flashi, nikakimbia hadi steshenari ya getini wanayofunga saa 5, nikaituma saa 4 na dakika 50 huku mwenye duka anafagia miguuni kwangu. Niliporudi, lile godoro lilikuwa bado limeegemea ukuta.

Jumanne nikampelekea laptopu dada mmoja wa mwaka wa 3 anayesoma kompyuta. Hakugusa kitu kwanza. Aliuliza kama simu kwenye mtandao uleule inafungua tovuti. Inafungua. Akauliza kama programu zote zimekufa au baadhi. Nikamwambia WhatsApp inafanya kazi. Akacheka. "Basi mtandao hauna kosa. Kuna mtu humu ndani anachagua nani atoke." Akaniambia nimfungulie ile kurasa ya Firefox inayosema imeshindwa kuunganisha, nisome hadi mwisho. Wadau, chini kabisa imeandikwa wazi kwamba kama una fayawoli, hakikisha Firefox imeruhusiwa. Nimeitazama kurasa hiyo usiku kucha, nikaishia mstari wa kwanza.

Akafungua daftari la matukio la fayawoli yangu. Safu nzima nyekundu: firefox, poti 443, imezuiwa. Firefox, 443, imezuiwa. Akanieleza kwamba karibu tovuti zote siku hizi zinapita kwenye poti hiyo ya 443, kwa hiyo kama poti yenyewe ingefungwa, hata wengine wangeumia. Hapa aliyefungiwa ni programu kwa jina na kwa alama yake. Fayawoli kama hii haiangalii jina peke yake, inaweka kitu kama alama za vidole za faili. Firefox inatoa toleo jipya kila baada ya wiki 4 hivi, na ikijisasisha faili linabadilika, alama hazifanani tena. Kwa fayawoli huyo ni mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji. Kawaida ingeniuliza upya. Kwa nini haikuniuliza?

Kwa sababu niliiambia isiulize. Iko hapo, imeandikwa: Jumamosi, 20:41, hali imebadilishwa kuwa kimya, programu zisizojulikana zizuiwe bila kuuliza. Jumamosi saa 2 na dakika 41 usiku nilikuwa natazama mpira, vidirisha vinanizibia goli, nikabonyeza kitu ili vininyamazie. Nilikuwa peke yangu chumbani. Jamaa alikuwa Mbagala msibani kwa shangazi yake, alirudi Jumapili mchana.

Na zaidi ya hapo. Mimi huwa sizimi laptopu, nafunika tu, kwa hiyo Firefox ya zamani ilibaki wazi na ilikuwa inaruhusiwa. Toleo jipya lilikuwa limeshashushwa, linasubiri brauza ifungwe. Jamaa alipoizima kwa ustaarabu wake ndipo mabadiliko yakakamilika. Yaani kosa lake lote ni kwamba alizima kitu alichoazima.

Kurekebisha ilichukua dakika 2. Dada alinikataza kuing'oa fayawoli kwa hasira, maana nyingine zikiondolewa vibaya huacha vipande vyake ndani ambavyo vinaendelea kuzuia na huna tena pa kubonyeza. Tukaitafuta Firefox kwenye orodha ya waliozuiwa. Kabla ya kuiruhusu alinionesha kuhakikisha faili liko kwenye folda yake na lina saini ya kidijitali ya Mozilla, kwa kuwa kirusi nacho kinaweza kujiita firefox. Tukairuhusu, tukairudisha fayawoli kwenye kuuliza, tukawasha ile ya Windows niliyoizima kijinga. Kurasa zikafunguka.

Nikapiga picha ule mstari wa 20:41, nikamtumia jamaa WhatsApp. Nikaandika kwamba ni mimi, kwamba hata lile neno la kubeba watu halikuwa na udhuru hata kama ingekuwa ni yeye. Tiki 2 zikawa za bluu saa 10 jioni. Jibu lilikuja saa 3 usiku: "Sawa kaka. Nitapita kuchukua ndoo."

Nasikia analala bloku la pili, kwenye chumba chenye watu 5 tayari. Leo Alhamisi hajapita bado. Maji yametoka asubuhi kidogo, nimeijaza ndoo yake hadi juu na kuifunika na sahani, maana wanasema kesho hayatoki.