Kucha za Mbwa Mdogo

Utamaduni wa taifa aghalabu huelezwa kwa mambo makubwa yenye sauti na rangi: ngoma, mavazi, harusi, matanga na hadithi za mashujaa. Ni haki mambo hayo yapewe nafasi yake. Lakini tabia ya watu hujulikana vilevile kwa mambo madogo yatendwayo uani jioni, pasipo mgeni wa kutazama. Katika insha hii tumekusudia kunena juu ya mojawapo, nalo ni kukata kucha za mbwa mdogo nyumbani. Msomaji asifanye haraka kucheka. Kazi hii ndogo imetufunza jambo ambalo tungependa walimu na wanafunzi walipime pamoja nasi.

Kwanza tukiri kwamba lugha yetu haikumfanyia mbwa hisani nyingi. Wahenga walinena kuwa mchezea mbwa huingia naye msikitini. Na mtu akitaka kumvunjia mwenzake heshima, jina la mnyama huyu ndilo huja ulimini upesi. Hata hivyo, nyumba nyingi zina deni kwake. Hapa kwetu Buhaya mbwa alilinda kibanja usiku, na mchana alifuatana na mwindaji katika rweya, yaani yale mapori ya nyasi yaliyo nje ya vibanja vya migomba. Alikula makombo, akalala penye jivu la joto, wala hakuna aliyejishughulisha na kucha zake.

Mbwa wetu anaitwa Popi. Ni mdogo, urefu wake haufiki magotini, na kucha zake ni nyeusi tupu. Tuliachiwa na mtumishi mwenzetu aliyehamishiwa mkoa wa mbali. Jioni moja, hapa Rubya, tulikuwa tumemlaza juu ya mkeka uani. Mama watoto amemshika kifuani, nasi tumeshika mguu wake wa mbele. Mzee mmoja jirani, mwindaji wa siku nyingi, akawa anapita. Tulipokwisha kumwamkia alisimama, akaegemea fimbo yake.

“Mwanangu,” alisema, “siku hizi mbwa naye anatengenezwa kucha kama bibi harusi?”

“Ndiyo, Tata,” tulimjibu. “Zimerefuka mno, hata hakanyagi vizuri. Wa kwenu zamani mlizikata kwa chombo gani?”

Mzee alicheka, akanyosha fimbo kuelekea ng’ambo ya migomba. “Hatukuzikata sisi. Zilikatwa na kilima kile.”

Jibu hilo lilikuwa fupi, lakini tumelitafakari mara nyingi tangu siku ile. Ukucha wa mbwa haujifichi ndani ya kidole kama ule wa paka. Hubaki nje daima na hukua siku zote. Mbwa wa mwindaji alipanda na kushuka miteremko yenye mawe, akakimbia juu ya changarawe, akafukua mashimo ya panya. Ardhi ilikuwa tupa yake: kadiri ukucha ulivyokua ndivyo ulivyosagika. Aliporudi akalala katika msonge, juu ya nyasi zilizotandikwa chini, kucha zake zilikwisha pata kipimo chake mchana.

Popi haishi hivyo. Analala juu ya saruji laini iliyopigwa rangi. Ua umezungushiwa ukuta, na lango hufungwa kwa sababu pikipiki hupita barabarani kwa kasi. Tena yeye ni mwepesi. Uzito wake hautoshi kuzisaga kucha hata akitembea. Hatukumfanyia ubaya kwa kumweka ndani. Tumemkinga na hatari. Lakini kwa kumtenga na kilima tumemnyima mtumishi aliyemhudumia bila malipo. Basi ni nani atakayeshika zamu ile? Kwa maoni yetu, anayeyabadili maisha ya mnyama amejitwika kazi ambayo zamani ilitendwa na ardhi.

Madhara ya kuipuuza kazi hiyo si ya kubuni. Ukucha mrefu hugonga sakafu kwanza, ukakisukuma kidole juu au kando. Mbwa hubadili mkanyago wake ili akwepe maumivu, na hatimaye viungo vya miguu huumia. Upo pia ule ukucha wa ndani wa mguu wa mbele, ulioko juu kidogo, usiogusa ardhi. Huo haukusagwa vizuri hata na kilima, na ukiachwa waweza kujikunja kama pete hadi ukaingia nyamani. Kwa kawaida mbwa ana kucha 18: tano kwa kila mguu wa mbele na nne kwa kila mguu wa nyuma. Anayezihesabu aanze na ile iliyojificha.

Sasa tueleze namna ya kufanya. Ndani ya ukucha mgumu umo moyo wa nyama laini, wenye mshipa wa damu na wa fahamu. Ukikatwa hapo, mnyama huumia na kutokwa damu, naye hatasahau. Katika ukucha mweupe moyo huo huonekana kwa wekundu wake. Katika ukucha mweusi kama wa Popi hauonekani. Hivyo yafaa kukata vipande vyembamba mno, kama mtu amenyaye kiazi, na kutazama uso wa ukucha kila mara. Kitokeapo katikati kiduara cheusi chenye unyevu, hapo ndipo mwisho. Wembe haufai kabisa, maana mbwa akijitikisa mara moja tu kidole kimepasuka. Makasi ya kushonea huuponda ukucha badala ya kuukata. Bora ni kikata kucha kilichotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Aliyekikosa atumie tupa ndogo laini, aende polepole. Damu ikitoka, ukucha ubanwe kwa kitambaa safi chenye unga wa ngano au wa mahindi kwa dakika kadhaa, bila kufunuafunua. Ikikataa kukoma, aitwe bwana mifugo.

Wakati mzuri ni jioni, mbwa akiwa amekwisha kula na kuchoka. Si lazima kumaliza kucha zote siku moja. Mbili leo na tatu kesho zatosha. Ajizoezaye na kitoto cha mbwa amshike nyayo kila siku kwa mchezo, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa Popi sisi hurudia kazi hii kila baada ya wiki tatu au nne. Sauti ndiyo hutukumbusha: akivuka sebule na kucha zikalia ko, ko, ko, siku imefika.

Huenda mtu akasema kuwa haya ni mambo ya kuigwa kwa wageni wenye fedha. Sisi hatuoni hivyo. Katika nchi hii tumeshikana miguu kwa muda mrefu, kwa sababu ya funza. Mdudu huyo alitoka Amerika ya Kusini, akafika pwani ya Angola kwa meli mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikwisha livuka bara hadi kwenye Maziwa Makuu na pwani ya mashariki. Aliwatesa watu na wanyama pamoja. Tangu hapo, katika nyumba nyingi, jioni ilikuwa saa ya mama kuuweka mguu wa mtoto pajani, kuuosha, kuutazama kidole kwa kidole, na kumtoa funza kwa mwiba au pini pasipo kukipasua kifuko chake. Yahitajiwayo kwa kucha za mbwa ndiyo hayohayo: mwanga, mkono usiotetemeka, maneno ya kubembeleza, na subira. Tena funza huingia hata katika nyayo za mbwa. Kwa hiyo akataye kucha hupata nafasi ya kumgundua mapema, naye huwakinga watoto wa nyumba hiyo.

Sheria nayo haikukaa kimya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, imemtaka anayefuga mnyama amtunze na asimtese. Lakini sheria haiwezi kuingia kila uani kutazama kidole cha mbwa. Panapoishia mkono wa sheria huanza malezi. Na malezi mema hayasahau tahadhari: mbwa apewe chanjo ya kichaa cha mbwa, na aliyeng’atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja.

Wajukuu wetu huketi kando ya mkeka wakati wa kazi hii. Mmoja hushika taa, mwingine huhesabu kucha. Wanaona mnyama asiyeweza kusema akitetemeka, na watu wazima wenye nguvu za kumlazimisha wakichagua kungoja. Kesho watoto hao watakuwa na wagonjwa wa kuosha, wanafunzi wa kufundisha, na wananchi wa kuwahudumia mezani kwao. Nguvu watakuwa nazo. Tunapenda wawe wamekwisha ona namna ya kuizuia. Walimu wenzetu katika malezi, mnapofundisha habari za mifupa na viungo, waulizeni wanafunzi ni nani kati yao ana mbwa nyumbani, na ni lini alimtazama nyayo zake. Wengi hawatakuwa na jibu siku hiyo. Warudi nalo kesho yake.